Mkao wa mwili: Mazoea yasiyoonekana yanayoutesa mgongo

KUNAPOPAMBAZUKA, barabara itokayo mjini Meru kuelekea Maua huwa tayari imejaa watu katika eneo la Kaaga. Mwanafunzi anapita na mkoba uliofura vitabu, ameinama mbele kana kwamba anapanda mlima ilhali pale alipo ni tambarare. Mama mmoja anatoka shambani na mzigo wa nyasi za ng'ombe mgongoni, ameushikilia kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Pembeni, mwendeshaji wa bodaboda anasubiri abiria. Amejikunja juu ya pikipiki yake, kidevu kimekaribia kugusa kifua, na macho yamezama katika simu.

Mpita njia akiulizwa ni nani kati ya hao watatu anayeuumiza mgongo wake, bila shaka atamwonyesha mama mwenye mzigo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mama anajua kwamba amebeba mzigo. Anaupima kwa mikono kabla ya kuuinua, hupumzika njiani, na akifika nyumbani huutua. Kijana wa bodaboda hajui kwamba naye amebeba kitu. Uzito wa kichwa chake mwenyewe unaning'inia shingoni tangu alfajiri, na hakuna mahali alipopanga kuutua.

Hiyo ndiyo hatari ya mkao mbaya wa mwili. Mzigo huonekana, mkao hauonekani. Mtu huuzoea mpaka akadhani ndivyo alivyoumbwa, na hugutuka siku ambapo shingo inakataa kugeuka au kiuno kinakataa kuinuka kitandani. Kwa mkulima, kibarua, fundi cherehani au mchuuzi wa ndizi, siku hiyo haina likizo ya ugonjwa. Mgongo ndio mtaji, na ukilala, chakula cha jioni nacho hulala.

MKAO NI NINI?

Mkao wa mwili ni namna viungo vinavyojipanga mtu anapoketi, kusimama, kutembea, kuinama, kubeba au kulala. Wengi hufikiri kwamba mkao ni jambo la kusimama wima tu, kama askari gwarideni. La hasha. Mkao ni jambo linalobadilika wakati wote, na hata mtu aliyetulia kitini ana misuli mingi inayofanya kazi ili asianguke.

Nguzo kuu ya mkao ni uti wa mgongo. Katika mtu mzima, uti huo una pingili 24 zinazoweza kusogea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake kuna mifupa iliyoungana pamoja, ambayo huishia kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna visahani vya gegedu ambavyo hufanya kazi kama springi za gari: hupokea uzito, hubonyea, kisha hurejea katika umbo lake.

Uti wa mgongo haukuumbwa uwe mnyoofu kama mwiko wa ugali. Ukitazamwa kutoka ubavuni huwa na mapindo. Shingoni na kiunoni hupinda kuelekea mbele, na kifuani hupinda kuelekea nyuma. Mapindo hayo husaidia kugawa uzito na kupunguza mishtuko mtu anapokanyaga chini. Mkao unaofaa ni ule unaoyahifadhi mapindo hayo bila kuyazidisha wala kuyafuta, na bila kuilazimisha misuli ifanye kazi isiyo ya lazima.

Visahani vya gegedu vina sifa nyingine muhimu. Katika mtu mzima, sehemu kubwa ya kisahani haina mishipa yake ya damu. Chakula na maji huingia humo polepole kutoka katika mifupa ya jirani, na kusogea kwa mwili husaidia kazi hiyo. Kwa hiyo mtu anayeketi saa tano bila kuinuka anauchosha uti wake kwa njia mbili: anaubana mahali pamoja, na anaunyima msogeo.

UKUBWA WA TATIZO

Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Utafiti mpana kuhusu magonjwa duniani, uliochapishwa mwaka wa 2023, ulikadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo mwaka wa 2020, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika milioni 843 ifikapo mwaka wa 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi duniani waishi na ulemavu wa kiwango fulani.

Ni lazima hapa kuwe na tahadhari. Si kila maumivu ya mgongo hutokana na mkao. Umri, kazi nzito, ajali, ukosefu wa usingizi, msongo wa mawazo, uvutaji sigara na unene vyote huchangia. Tena wapo watu wenye mgongo uliopinda ambao hawajawahi kuumwa, na wapo wenye mgongo wa kupendeza ambao huumwa kila wiki. Hata hivyo, kati ya sababu zote hizo, mazoea ya mkao ni miongoni mwa chache ambazo mtu anaweza kuanza kuzirekebisha leo, nyumbani kwake, bila kutoa hata shilingi.

FUNZO LA MAMA WENYE MIZIGO

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya utafiti wa jinsi binadamu anavyobeba mizigo. Mwaka wa 1986, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya wataalamu waliowapima wanawake Wakenya, akiwemo Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipimwa wanawake wa Kiluo, ambao hubeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikuyu, ambao hubeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Namna hiyo ya pili ndiyo inayoonekana pia Meru na Embu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wanapotembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata mwaka wa 1995 ulieleza siri yake: mama aliyezoea kubeba huutumia mwendo wake kama timazi ya saa inayobembea, hivi kwamba nguvu ya hatua moja haipotei bali huingia katika hatua inayofuata.

Funzo la kwanza ni kwamba mkao ni ustadi. Hakuna aliyewapa mama hao somo darasani. Walijifunza tangu utotoni kwa kutazama na kurudia, mpaka mwili ukajua pasipo kufikiri. Njia hiyo hiyo inayoujenga mkao mzuri ndiyo inayoujenga mkao mbaya.

Funzo la pili ni mpaka wa utafiti wenyewe. Wataalamu hao walipima nguvu inayotumika, hawakupima maumivu. Mzigo ukizidi asilimia 20, gharama ya nguvu ilianza kupanda. Mama mwenye uzito wa kilo 60 hufika kiwango hicho kwa kilo 12 tu, ilhali mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 kabla ya kuuhesabu mtungi wenyewe. Ustadi ni jambo moja, na kukithiri kwa mzigo ni jambo jingine.

Kuna na la tatu. Mama huyo huyo aliye hodari njiani, akifika nyumbani hushika ufagio mfupi na kufagia ua akiwa amekunja kiuno kabisa. Kisha huinama juu ya beseni la nguo, huchuchumaa mbele ya meko ya mawe matatu, na mchana huenda kupalilia kwa jembe la mpini mfupi. Kazi hizo hazihesabiki kuwa mizigo, kwa hiyo haziwekewi kipimo wala mapumziko.

MAHALI AMBAPO MAZOEA HUJIFICHA

Shambani na jikoni, kosa la kawaida ni kuinama kwa kuvunja kiuno huku magoti yakiwa yamenyooka, na kubaki hivyo kwa muda mrefu. Mchuma majani chai huongeza jambo jingine: kapu linapojaa, uzito wake humvuta nyuma, naye hujibu kwa kusukuma shingo mbele. Mwishoni mwa siku shingo husahau kurudi mahali pake.

Katika kuinua vitu vizito, ushahidi wa kipimo upo. Mwaka wa 1999 wataalamu nchini Ujerumani waliweka kifaa cha kupimia shinikizo ndani ya kisahani cha kiuno cha mtu mmoja aliyejitolea, kisha wakamtazama akifanya kazi za kawaida. Alipoinua kilo 20 akiwa amepinda mgongo, shinikizo lilikuwa zaidi ya mara nne ya lile la kusimama kwa utulivu. Alipoinua mzigo huo huo kwa kukunja magoti, lilishuka na kuwa zaidi kidogo ya mara tatu. Alipousimamisha mwili na kuukumbatia mzigo karibu na kifua, lilishuka zaidi. Huyo alikuwa mtu mmoja tu, lakini fundisho lake linapatana na akili: kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, ndivyo kiuno kinavyoulipia zaidi.

Shuleni, mkoba ndio mshtakiwa wa kwanza. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni kwamba mkoba usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 30 basi hapaswi kubeba zaidi ya kilo 3 hadi kilo 4 na nusu. Mkoba unaoning'inia kwenye bega moja humfanya mtoto aelemee upande mmoja, na mikanda ikilegea sana mkoba humgonga makalioni na kumvuta nyuma. Mshtakiwa wa pili hutajwa kwa nadra, nalo ni dawati. Dawati moja halimfai mtoto wa miaka 9 na kijana wa miaka 14. Aliye mfupi huning'iniza miguu, aliye mrefu hujikunja kama panzi.

Ofisini na katika kumbi za mihadhara, kama zile za Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya ambacho kina bewa lake kuu hapo Kaaga, adui ni kukaa. Mwanafunzi huanza kipindi akiwa ameketi vyema. Dakika 20 baadaye makalio yameteleza mbele, mgongo umekuwa kama upinde, na kichwa kimetangulia mabega. Kompyuta ndogo ya kubebeka huongeza taabu, kwa kuwa kioo chake kimeungana na kibodi. Kioo kikifaa macho, mikono huteseka. Kibodi ikifaa mikono, shingo huinama.

Simu ndiyo iliyoleta jipya katika karne hii. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Mwaka wa 2014 daktari mpasuaji wa uti wa mgongo mjini New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa kompyuta mzigo unaoiangukia shingo kichwa kinapoinama. Kwa nyuzi 15 alipata kama kilo 12. Kwa nyuzi 30, kilo 18. Kwa nyuzi 60, kilo 27. Hesabu hiyo ilitokana na mfano wa kompyuta wala si vipimo vya watu hai, na haithibitishi kwamba kila mwenye simu ataugua. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba uzito wa kichwa hutegemea mahali kilipowekwa.

KWA NINI MTU HAJIONI?

Swali gumu zaidi si lipi kosa, bali ni kwa nini mwenye kosa halitambui. Mwili una mfumo wake wa kuhisi viungo viko wapi, hata macho yakiwa yamefumbwa. Tatizo ni kwamba mfumo huo hulinganisha mambo na mazoea. Aliyezoea kuinamisha bega la kulia kwa miaka kumi huhisi kwamba mabega yake yako sawa. Akirekebishwa, huhisi kwamba amepindishwa.

Mtu mmoja aliyeifanya hali hiyo kuwa kazi ya maisha yake ni Frederick Matthias Alexander, mwigizaji aliyezaliwa Tasmania, Australia, mwaka wa 1869. Alexander alipoteza sauti kila alipopanda jukwaani, na madaktari hawakuona ugonjwa wowote wa kudumu. Akajiweka mbele ya vioo, akajitazama akizungumza. Aligundua kwamba kabla ya kutamka neno la kwanza alikuwa akikaza shingo, akivuta kichwa nyuma na kukandamiza koo. Alipojaribu kuacha, alihisi kwamba ameacha, lakini kioo kilimwonyesha kwamba bado anaendelea. Hisia zake zilikuwa zikimdanganya.

Alihamia London mwaka wa 1904 na kufundisha mbinu yake hadi alipofariki mwaka wa 1955. Msingi wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutenda: mtu atue kidogo kabla ya tendo, aache lile la mazoea, ndipo atende. Mwaka wa 2008 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 579 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya mwaka mmoja, waliopata matibabu ya kawaida walikuwa wakiumwa kwa takriban siku 21 katika kila majuma manne. Waliopata masomo 24 ya mbinu hiyo walikuwa wakiumwa siku 3. Masomo 6 yakiambatana na mazoezi nayo yalileta nafuu kubwa.

Walimu wa mbinu hiyo si rahisi kupatikana Meru, na si lazima wapatikane. Jambo la kuchukua ni kwamba anayetaka kubadilisha mkao hana budi kutafuta shahidi aliye nje ya hisia zake.

MASHAHIDI WALIO NYUMBANI

Shahidi wa kwanza ni ukuta. Mtu asimame bila viatu, visigino vikiwa hatua ndogo kutoka ukutani, makalio na mgongo wa juu vikigusa ukuta. Kisha atazame kichwa chake. Kikigusa ukuta bila kulazimishwa na bila kuinua kidevu, ni vyema. Kikibaki mbali, shingo imezoea kutangulia. Kwenye kiuno panafaa kubaki nafasi ya kupenyeza kiganja. Ngumi nzima ikipita, kiuno kimepinda mno.

Wa pili ni simu ile ile inayolaumiwa. Mtu amwombe wa nyumbani mwake ampige picha kutoka ubavuni anapofua, anapoandika au anapotazama simu, bila kumwambia ni saa ngapi. Picha ya kuviziwa husema kweli, kwa sababu anayejua kwamba anapigwa picha hujinyoosha mara moja.

Wa tatu ni viatu. Soli iliyolika upande mmoja, au kiatu kimoja kilicholika kuliko kingine, hueleza namna uzito unavyotua. Wa nne ni maumivu yenyewe. Yakija saa ile ile kila siku, au baada ya kazi ile ile, yanamtaja mshukiwa. Anayeandika kwenye karatasi kwa wiki moja saa na kazi iliyotangulia maumivu, mara nyingi hupata jibu kabla ya wiki kwisha.

KUBADILIKA BILA KUJITESA

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya la kila siku, na mwaka wa 2009 wakatangaza kwamba iliwachukua wastani wa siku 66 kabla zoea hilo halijaanza kujiendesha lenyewe. Tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu safari. Anayejaribu kwa wiki moja na kukata tamaa basi amekata tamaa mapema mno.

La kwanza ni kubadilisha mahali kabla ya kujilaumu mwenyewe. Ufagio mfupi ukifungwa kwenye mti mrefu, kiuno hupona bila nidhamu yoyote. Beseni la nguo likiwekwa juu ya benchi au jiwe, mgongo huinuka wenyewe. Meko yakiinuliwa hadi kimo cha kiuno, mpishi husimama. Jembe lenye mpini unaolingana na kimo cha mlimaji huokoa mgongo msimu mzima. Kompyuta ikiinuliwa kwa vitabu hadi sehemu ya juu ya kioo ikaribiane na usawa wa macho, na kibodi nyingine ikapatikana, shingo hurejea mahali pake. Asiyefikisha miguu sakafuni aweke kibao au tofali chini ya nyayo.

La pili ni kulifunga zoea jipya kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Mwendeshaji wa bodaboda anaweza kuazimia kwamba kila abiria anaposhuka, naye atashuka, ajinyooshe na kuzungusha mabega kabla ya kuita mwingine. Mwanafunzi anaweza kuazimia kwamba kila kengele inapolia atainuka. Mama anaweza kuazimia kwamba kila anapoweka sufuria motoni ataegemeza mgongo ukutani kwa pumzi tano. Kengele, abiria na sufuria havisahau, akili husahau.

La tatu ni kugawa mzigo. Safari mbili za lita 10 ni salama kuliko moja ya lita 20, japo zinachukua muda. Mkoba uvaliwe kwenye mabega yote mawili, vitabu vizito vikae karibu na mgongo, na mzazi aukague kila jioni ili vitabu visivyo vya siku inayofuata vibaki nyumbani. Anayeinua gunia alisogelee, apanue miguu, akunje magoti, alikumbatie, na ageuke kwa kusogeza miguu badala ya kuzungusha kiuno.

La nne, na pengine kubwa kuliko yote, ni kubadilisha mkao mara kwa mara. Wataalamu wengi wa tiba ya viungo sasa wanakubaliana kwamba hakuna mkao mmoja mkamilifu wa kudumu nao siku nzima. Hata mkao mzuri hugeuka kuwa mbaya ukishikiliwa kwa saa nyingi. Mfano upo nchi jirani ya Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 kuhusu Wahadzabe, ambao huishi karibu na Ziwa Eyasi, ulionyesha kwamba wao hupumzika kwa takriban saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini katika nchi tajiri. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo Wahadzabe huchuchumaa au kupiga magoti, mikao ambayo huifanya misuli ya miguu iendelee kufanya kazi kidogo. Kiti huizima misuli hiyo.

La tano ni kuiimarisha misuli. Kutembea kwa nusu saa, kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, na kulala chali kisha kuinua makalio polepole ni mazoezi yasiyodai vifaa. Misuli ya tumbo, makalio na mgongo ndiyo inayoushikilia uti. Ikilegea, ushauri wote wa kukaa vizuri huwa ni maneno tu.

Waajiri nao wana wajibu wao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inawataka wapange vifaa na mahali pa kazi kulingana na mfanyakazi, na inakataza kumlazimisha abebe mzigo unaoweza kumdhuru kwa uzito wake. Mfanyakazi anayeomba kiti kinachofaa hadai anasa.

DHANA POTOVU

Wapo wazazi na walimu wanaomkemea mtoto kila mara: 'Nyooka! Usijikunje!' Mtoto hunyooka kwa dakika moja, hukaza misuli yote, huchoka na kujikunja tena. Tena msichana anayebalehe mara nyingi hujikunja kwa haya ya mwili wake, na kijana mrefu hujikunja ili alingane na wenzake. Hao hawahitaji kemeo. Wanahitaji dawati linalowafaa, muda wa kucheza, na mtu mzima anayejua kwamba mkao hubeba pia mambo ya moyoni.

Wengine hukimbilia kununua mishipi ya kukaza kiuno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halipendekezi mishipi hiyo kuwa tiba ya kawaida. Linapendekeza elimu, mazoezi na msaada wa kumwezesha mgonjwa aendelee na shughuli zake. Vivyo hivyo, kulala kitandani kwa siku nyingi kwa sababu ya maumivu ya kawaida huchelewesha kupona.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Kuna maumivu ambayo hayatibiwi kwa kubadilisha mkao. Mgonjwa aende hospitalini bila kukawia iwapo maumivu ya mgongo yanaambatana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi kati ya mapaja, au miguu kuishiwa nguvu. Hizo ni dalili za neva kubanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea tena vyema.

Amwone daktari mapema pia mwenye maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, yanayozidi usiku hata akipumzika, au yanayokuja na homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Kifua kikuu hakishambulii mapafu pekee. Huweza kuingia katika uti wa mgongo, kikaharibu pingili na kusababisha kibiongo. Katika nchi ambako ugonjwa huo bado upo, kibiongo kinachochomoza taratibu kisiitwe mkao mbaya kabla hakijapimwa. Mtoto ambaye bega au nyonga moja imepanda kuliko nyingine naye apimwe, kwa kuwa huenda uti wake umepinda upande.

Kwa maumivu ya kawaida yanayoendelea kwa majuma kadhaa, mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye wa kumwendea. Taaluma hiyo nchini ina baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa.

Jioni inapoingia Kaaga, watu wale wale hurudi kwa barabara ile ile. Mzigo wa nyasi umekwisha kutuliwa na ng'ombe wameshiba. Mkoba umetupwa kitandani. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekiona siku nzima. Si lazima mtu abadilishe maisha yake yote usiku mmoja. Akichagua tendo moja tu, liwe kufagia, kuketi au kutazama simu, akamtafutia shahidi wa kweli na kulirekebisha kwa miezi miwili au mitatu, atakuwa ameanza kuziba ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta.